Kilo za Maji

Kama umejifungua karibuni na miguu yako inajaa, na watu wanakusifia kwamba uzazi umekukubali, naomba usome haya kabla hujafurahi sana. Mimi nilifurahi. Nilikuwa napita senta ya Usevya na khanga mpya, mashavu yamejaa, wanawake wananiita kutoka vibarazani: "Mama Neema, umenawiri kweli!" Nami nikawa natembea kwa maringo, polepole, na ule upolepole nikadhani ni maringo pia. Kumbe walikuwa wanasifia maji.

Naandika nikiwa mzima. Moyo wangu unafanya kazi yake, nambeba mtoto mgongoni, natoka kisimani hadi nyumbani bila kukaa njiani. Nimebakiza kidonge kimoja cha asubuhi na kliniki chache kwa mwaka. Sitakueleza moyo unavyosukuma damu wala majina ya dawa, hayo daktari wako atayasema vizuri kuliko mimi. Nataka kukusimulia mambo ya nyumbani, ya jikoni na ya kwenye benchi la hospitali, kwa sababu huko ndiko nilikokaribia kufia na huko ndiko nilikoponea.

Mimi na mume wangu Masanja tuna mashine ya kukoboa mpunga. Yeye ana injini, mimi nina mizani. Kabla ya kuugua, kazi yangu kubwa ilikuwa kugundua maji. Mtu analeta gunia, kwa macho ni kavu kabisa, mimi nachukua punje naitia menoni. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado mbichi, arudi akaanike. Mpunga wenye maji unaidanganya mizani, na ukiukoboa unavunjikavunjika, unatoka chenga tupu. Wakulima walikuwa wananitania kwamba hata umande siuachii. Miaka yote hiyo nanusa maji kwenye magunia ya watu, na gunia langu mwenyewe likanipita.

Mwanangu wa pili, Limi, alizaliwa wakati wa mavuno, mashine inaunguruma kutwa. Majirani walinihudumia kama mzazi anavyohudumiwa huku kwetu: uji asubuhi, supu mchana, uji tena jioni, na ole wako ubakize kikombe. Mzazi asipokunywa, maziwa yatatoka wapi? Nikanywa. Miguu ikaanza kujaa jioni na kupungua asubuhi, kwa sababu maji hufuata mteremko hata yakiwa ndani ya mtu. Halafu ikaacha kupungua. Halafu tumbo. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilijilaza pembeni ya mtoto nimnyonyeshe, nikahisi nazama. Niko juu ya kitanda kikavu, kiangazi, vumbi tupu nje, na nazama. Nikaketi, pumzi ikarudi. Nikalala, ikakata. Tangu siku ile nikawa napumzika kwa kuegemea, nimerundikiwa mito na magunia matupu.

Masanja ndiye aliyebonyeza. Alikuja na mikono yake ya grisi, akaweka dole gumba juu ya mguu wangu, akabonyeza, akatoa. Shimo likabaki, kama ukibonyeza ugali ulioanza kupoa. Tukaliangalia lile shimo wote wawili.

"Mama Neema," akasema, "hii siyo nyama."

Tukaenda Mpanda kesho yake. Ile barabara inapita hifadhini, na pale Sitalike mto ulikuwa umebaki tope, viboko wamebanana mgongo kwa mgongo wakigombea maji kidogo yaliyosalia. Niliwaangalia nikawaonea wivu. Kwao yamepungua, kwangu yamejaa.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, msemaji wa sauti ndogo. Alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akaniambia moyo umechoka baada ya uzazi, unashindwa kusukuma, na maji yameanza kutuama. Nikalazwa. Nikachomwa sindano za kukojoa, na hapo sasa, ndugu msomaji, kama una aibu iache nyumbani. Nilikojoa kutwa. Nilikojoa nikajikuta nacheka peke yangu. Mama wa kitanda cha jirani akawa ananihesabia kwa sauti mpaka nikamwomba aache. Nilipotoka wodini nilikuwa nimepungua kilo kumi na moja, na asubuhi niliyoona tena mifupa ya miguu yangu niliishika nikalia, maana ni kama nimekutana na ndugu niliyedhani hayupo.

Siku ya kuruhusiwa daktari alinikalisha na Masanja. Alisema mambo matatu. Chumvi, acha kabisa. Maji, jagi moja kwa siku, na uji na chai na supu vinatoka kwenye jagi hilohilo. Na kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, panda mizani.

"Lita moja ya maji ni kilo moja," alisema. "Hakuna mtu anayenenepa kilo mbili kwa siku tatu. Ukiona hivyo ni maji, njoo usisubiri kuvimba."

Masanja akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Mizani tunayo, dokta. Ya magunia."

Basi ndivyo nilivyoishi. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, napanda mizani ya magunia nikiwa na khanga moja, Masanja anasogeza kile chuma taratibu mpaka mkono ulale sawa. Wateja wa mapema waliwahi kuniona. Mmoja akauliza, "Shemeji, huyu leo unamuuza kilo kwa bei gani?" Masanja akamjibu kwamba mzigo huu bado unaanikwa.

Kiu ni habari nyingine. Mwezi wa tisa na wa kumi huku kwetu jua halina huruma, na mimi nina jagi moja. Nilianza kuyaona maji kama watu wengine wanavyoona pombe. Nilijua sauti ya mtungi unapochotwa hata nikiwa chumba cha pili. Nilijua ule ubaridi wake, jinsi udongo unavyotoa jasho kwa nje na kuyapooza yaliyomo, na nilikuwa nakwenda kuuegemeza shavu tu, sinywi. Ukipitia hili nakupa nililopewa: kipande kidogo cha ukwaju mdomoni, ukizungushe, ukiache. Na kitambaa kilicholowa shingoni. Yale maji yanapokauka yanaondoka na joto, na mwili unaridhika kidogo kana kwamba umekunywa.

Haya mawili nilifundishwa na mama mkwe wangu, na sasa inabidi nimlete.

Mama yake Masanja tunamwita Mayu, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Yeye na marehemu mume wake walishuka huku na ng'ombe kutoka kaskazini, Masanja akiwa mdogo, na siku zile alikuwa anaishi Kasokola, jirani na Mpanda, kwa mwanawe mwingine. Mama yangu mzazi alifariki zamani. Mayu aliposikia nimetoka wodini alikuja bila kuitwa, ana kuku wawili, kibuyu cha samli na furushi la nguo. Mtoto akamchukua mgongoni siku hiyohiyo. Jikoni akaniambia nisiingie mpaka nione nywele zangu zimeota upya, maana zilikuwa zinakatika.

Habari ya chumvi aliipokea kama amri ya jeshi. Alichukua kopo letu akaligawa kwa wanawake waliokuja kukoboa, kila mmoja kiganja, hadi likaisha. "Nyumba yenye mgonjwa wa chumvi," alisema, "haiwezi kuwa na chumvi. Tutakula wote hivyohivyo." Wote tukala. Neema, mkubwa wangu, alinuna siku mbili akazoea. Masanja ilimshinda, nikasikia anakula kwa mama lishe senta, anarudi nyumbani anagusa tonge mbili na kusifia kwamba ameshiba. Mayu alijua. Alikuwa anamwongezea mboga kwa makusudi.

Na chakula chake kilikuwa kitamu. Hilo nalisema wazi. Nilikuwa nimejiandaa kula majani kama mbuzi, lakini mlenda wake ulivutika, maharage yake yalilainika, matembele yalibaki na rangi ya kijani. Nilikula nikashukuru.

Baada ya wiki chache mizani ikaanza kupanda.

Kilo moja, sikujali. Ya pili, nikapunguza jagi. Ya tatu, shimo la dole gumba likarudi. Nikameza dawa za kukojoa nyingi zaidi kama nilivyoelekezwa, kilo zikashuka, zikapanda tena. Ikawa ndiyo maisha yangu, Usevya na Mpanda, Mpanda na Usevya. Siku ya safari nilikuwa sinywi dawa ya asubuhi, kwa sababu hifadhini gari haliruhusiwi kusimama ovyo. Mara moja nilijisahau nikaimeza. Dereva alisimama, maskini, na kondakta akasimama ameelekeza uso upande walikokuwa tembo ili asinitazame. Namkumbuka katika sala zangu mpaka leo.

Pale kliniki kuna benchi refu la mbao, tunalikalia wagonjwa wa moyo na wa presha. Mkikaa miezi mnafahamiana kwa miguu kabla ya majina. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila mwezi alitoka amegombezwa kwa ajili ya dagaa wa chumvi, na kila mwezi alirudi akiwa ametoka kuwala. Aliniambia, "Binti, mimi najua dhambi yangu. Wewe yako ipi?"

Hata daktari alianza kunitazama kwa shaka.

"Mama Neema, unakula chumvi?"

"Sili, dokta. Nyumba nzima haina."

"Maji?"

"Jagi moja. Saa nyingine halijai."

Nilijua haniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Nimewaambia wakulima wangapi kwamba mpunga wao una maji huku wakiapa kwa Mungu?

Alinitaka nikae mjini wiki nzima aniangalie kwa karibu. Nikakaa kwa dada yangu Adela, pale Ilembo. Adela ni mtu wa pilikapilika, anafuga kuku na kulima mahindi nyuma ya nyumba, kupika kwake ni kuchemsha. Nilikula viazi vya kuchemsha na mboga ya kuchemsha isiyo na ladha yoyote. Uzito ukashuka, siku baada ya siku, bila kuongezewa dawa. Nikalala chali nikasinzia, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikarudi Usevya kwa furaha. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimejaa tena.

Safari hii daktari hakuzunguka. Alisema moyo uliochoka unaweza kupona kama utapumzishwa, lakini ukizidi kujazwa na kukamuliwa, kujazwa na kukamuliwa, unafika mahali haurudi. Nikija tena na maji, atanipeleka hospitali kubwa Dodoma, na hakuweza kuniambia ningekaa huko muda gani. Limi alikuwa hajaanza hata kusimama.

Adela alikuwa amenisindikiza. Tulipotoka nje akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Dada, mimi sisemi sana. Kwangu unapungua. Kwa yule bibi unavimba. Wewe huoni?"

"Kuona nini?"

"Anakuwekea kitu. Mwambie mumeo amrudishe kwao, au uje ukae kwangu na watoto."

Nilimwambia anyamaze. Lakini neno likishatoka halirudi, na wewe unayeishi huku kwetu unajua neno la namna hiyo likimshika mama mtu mzima linampeleka wapi. Adela alikuwa ana marafiki miongoni mwa wateja wetu. Nilipofika Usevya neno lilikuwa limenitangulia. Wanawake waliokuwa wakipiga soga na Mayu kwenye foleni ya mashine walikuwa wananyamaza anapopita. Mmoja alikataa maji aliyomletea, akasema hana kiu, na jua lile.

Masanja nilimweleza kila kitu, maana sina siri naye. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nyie mnataka nimfukuze mama yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Ila?"

"Ila navimba, Baba Neema. Navimba na sijui kwa nini."

Akatoka akaenda kwenye injini yake, akaifungua nati ambazo hazikuwa na shida yoyote. Kwa siku kadhaa tuliongea kwa kupitia mtoto. Na mimi, wacha niseme, nilikiogopa chakula cha Mayu. Nilikuwa naketi mbele ya sahani naomba kimoyomoyo, halafu namwona amembeba mwanangu anamwimbia Kisukuma, anampulizia kijiko cha uji, nami najihisi vibaya. Hofu ile iliniuma kuliko ugonjwa.

Mvua zilikuwa zimeshika. Masika yetu ukiyajua, kila kitu kinalowa bila kunyeshewa: kiberiti hakiwaki, mpunga ulioanikwa wiki nzima unarudisha unyevu kwa asubuhi moja, kopo la chumvi la kila nyumba linatokwa na jasho. Siku moja Mayu alikuwa bondeni anachuma matembele, nami nikaingia jikoni kutafuta kijiko cha mtoto. Ukutani, mbali na moto, kwenye msumari, kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa. Kilikuwa kimelowa chepechepe. Dari halikuvuja pale, nilitazama. Chini yake ukuta ulikuwa na michirizi, na kwenye kingo za michirizi unga mweupe umeganda.

Kitu kinachoyaita maji kutoka kwenye hewa tupu, nilikuwa nakijua kimoja tu, chumvi. Nikagusa, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Magadi.

Magadi! Yale yale ya kulainishia maharage na kuvutisha mlenda, ambayo mama yangu alitumia, bibi yangu alitumia, mimi mwenyewe nimetumia tangu nijue kupika. Hakuna mtu Usevya nzima anayeyaita magadi chumvi. Chumvi inatiwa mwishoni, magadi yanatiwa mwanzoni. Ukiniagiza dukani chumvi nikakuletea magadi utanirudisha. Daktari alisema chumvi, na Mayu, kwa uaminifu wake wote, aliondoa chumvi. Kisha ili mkwewe asile chakula kibaya, akaongeza mkono wa magadi.

Sikumwambia siku ile. Nilitaka kwanza niwe na hakika, maana nikikosea hapo nitakuwa nimempa Adela fimbo. Nilipokwenda kliniki nilichukua kipande cha magadi kwenye karatasi nikamwekea daktari mezani.

Alikitazama, akanitazama. "Mnapikia hii?"

"Kila siku."

Akafunika uso kwa viganja, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Nimesoma nikahamia hapa, na sijawahi kukuuliza habari ya magadi. Mama Neema, ndani ya magadi kuna kilekile kilichomo kwenye chumvi, ndicho kinachoshikana na maji. Maji yakikikuta hayakiachi. Umekuwa unakula chumvi kwa jina lingine. Yaache kabisa, na Dodoma tuiache kwanza."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi. Yule mzee wa dagaa akauliza, "Umeijua dhambi yako?" Nikamwambia nimeijua. Nikalia kidogo, kwa furaha kabisa, naye akaniachia nafasi niegemee ukuta.

Njiani kurudi mto wa Sitalike ulikuwa umejaa hadi ukingoni na viboko wametawanyika, unaona masikio tu. Nikawaza kwamba nilikuwa nimeyachukia maji bure. Maji hayana kosa. Yanakwenda yanakoitwa. Ndiyo yaliyobeba dawa ikafika, ndiyo yaliyotoka na uchafu wangu kila asubuhi, ndiyo yaliyonifanyia maziwa ya Limi hadi nilipoambiwa nimwachishe. Kazi yake ni kuyeyusha na kubeba, na mtu yeyote anayembebesha mbebaji mzigo mwingi asimlaumu akichelewa kuondoka.

Kumwambia Mayu ndiko kulikuwa kugumu. Nilimwambia jioni, Masanja akiwepo, kwa upole nilioweza.

"Magadi siyo chumvi, mwanangu," akasema. "Magadi ni magadi."

"Hata mimi nilijua hivyo, Mayu. Wote tulijua hivyo."

Alikuwa anamfunga Limi khanga, mikono ikasimama katikati. "Kwa hiyo ni mimi nilikuwa nakujaza."

"Hukujua."

"Kujua kunasaidia nini? Wale wanawake wa foleni wanajua?" Alizungumza taratibu, bila machozi. "Mimi siyo mtoto. Naona wanavyonipisha. Kule tulikotoka nimeshuhudia mama mmoja akifukuzwa kwa jambo dogo kuliko hili. Na lile halikuwa hata kweli. Hili langu ni kweli. Afadhali niondoke kwa miguu yangu."

Masanja alijaribu, nikajaribu. Asubuhi alikuwa amefunga furushi lake, amevaa, ameketi kwenye gogo mbele ya mashine kusubiri gari litokalo Majimoto kwenda Mpanda, kuku mmoja aliyebaki yuko miguuni. Kifurushi cha magadi alikuwa amekitupa chooni.

Lakini masika ni masika. Barabara ilikuwa tope na gari likachelewa. Watu wakajaa na magunia yao, foleni ikawa ndefu, na wote wanamwona bibi na furushi, wote wanaelewa, au wanadhani wanaelewa. Hakuna aliyemsogelea. Nafasi iliyobaki wazi pande zote mbili za lile gogo ingetosha watu wanne. Mimi nilikuwa nimeshapanda mizani asubuhi ile, bado nimejaa, miguu mizito, na nilimwangalia kutoka mlangoni nikajua kwamba akipanda gari lile leo, maneno ya Adela yanakuwa kweli milele. Nikipona watasema ni kwa sababu aliondoka.

Nikatoka na kigoda changu, nikavuka foleni, nikakaa karibu yake.

"Mayu, nina njaa."

Hakunitazama. "Adela atakupikia. Hata Neema anaweza."

"Nimezoea mkono wako."

"Mkono huu?"

"Huohuo. Gari lenyewe halijafika. Matembele uliyochuma jana bado yapo."

Wanawake wa foleni waligeuka wote kututazama. Hata Masanja alizima injini, nadhani hakujua kwamba ameizima. Mayu akanyanyuka, akaniachia kuku nimshike, akaingia jikoni na khanga yake ya safari.

Alipika na sisi tunasubiri. Akatoka na ugali, na matembele ya karanga aliyoyakamulia ndimu. Akaniwekea sinia mapajani mwangu, akabaki amesimama, mikono ameishika pamoja. Nilinawa. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Nikala ya pili. Nikala mbele za watu wote kama mtu aliye peke yake, kwa sauti, na mboga ilikuwa chungu kidogo na haikuwa na utamu ule wa zamani, na sijawahi kula chakula nikakipenda kama kile.

Yule mama aliyekataa maji siku ile alisogea. Akanyoosha vidole, akachota mboga, akaionja.

"Haina chumvi," akasema.

"Ni ya mgonjwa," Mayu akamjibu. "Wewe mzima, kapike kwako."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, na yule mama naye akacheka, akavuta gunia lake akakalia pale kwenye gogo palipokuwa patupu. Hapo ndipo tuliposikia honi. Gari lilitokea kwenye kona limejaa tope hadi madirishani, likasimama, kondakta akaning'inia mlangoni akaona furushi.

"Bibi, Mpanda? Twende, tumechelewa."

Mayu aliniangalia, akaliangalia sinia.

"Nyie nendeni," akamwambia. "Mgonjwa wangu hajamaliza kula."